Upawa wa Kwanza

Chumba Namba 6,
Nyumba za Watumishi,
Nyuma ya bwalo la wanafunzi.

Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mwanangu, binti wa kaka yangu, Maswali wetu,

Pokea salamu za shangazi yako, ndefu kama foleni ya bwaloni saa sita na nusu mchana. Hujambo? Mkwe wetu hajambo? Na mjukuu wangu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa ufizi? Fanya hima yaote, maana mama mtu akiwa fundi wa meno ya bandia halafu mwanawe kibogoyo, watu watadhani nyumbani kwako kuna mgomo. Na shingo yako je? Ulisema inakuuma kwa kuinamia meza ya kazi kutwa nzima. Simama kila mara ujinyooshe, meno ya watu hayatakimbia.

Huku mimi sijambo. Magoti ndiyo yananisema kila nikipanda ngazi za stoo, lakini nikishuka yananyamaza, kwa hiyo tunasikilizana nusu nusu. Baba yako ni mzima. Amepata miwani mipya, na tangu aivae anaona makosa ya kila mtu. Juzi aliona utando wa buibui juu ya kabati langu, akakaa akiutazama kama anayesoma gazeti.

Jirani yangu mwenye cherehani, yule aliyekushonea gauni la kijani, amehamia kwa mwanawe. Chumbani kwake sasa anakaa mhasibu kijana anayepiga filimbi akioga. Nilimchukia siku mbili, siku ya tatu nikajikuta nafua huku nauimba wimbo wake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Umeniuliza mara tatu. Barua ya kwanza uliniuliza ninayapikaje maharage yale niliyokupikia ulipokuja likizo miaka mitatu iliyopita. Ya pili ulisema umejaribu kuongeza nyanya, hayakutoka. Ya tatu ulisema labda ni maji ya huko, au labda ni mkono wako tu ndio hauna bahati. Mara zote tatu nilijitia hamnazo, nikakujibu habari za mvua.

Leo nitakujibu. Naogopa kwamba ukishamaliza kusoma utaikunja barua hii na hutaniandikia tena, na ukifanya hivyo sitakulaumu. Ila nivumilie nikupitishe jikoni kwetu kwanza, kwa sababu ujasiri wa kulisema niliupata huko.

Unakumbuka jiko letu. Bado lina meko yale manne, na la pembeni bado haliwaki mpaka ulitukane. Juu ya hilo la pembeni ndipo inapokaa sufuria ya mifupa. Sufuria hiyo haijapoa tangu nilipoajiriwa. Tunaongeza maji, tunaongeza mifupa, inaendelea kuchemka taratibu kutwa. Mpishi mkuu wa zamani aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja aliyoishika kama kiapo: hakuna sufuria inayoanza kupikwa jikoni mwake kabla haijatiwa upawa mmoja wa supu ile. Maharage, kabichi, dengu, hata wali, kila kimoja kinapata upawa wake. Tuliuita upawa wa kwanza. Alipostaafu alinikabidhi funguo, aproni na upawa wenyewe, ule wenye mpini uliofungwa waya, na mimi nikaendelea vilevile. Mwanangu, pale kazini haikunipitia akilini hata siku moja kwamba huko ni kutia nyama. Kwetu jikoni nyama ni kile kinachotafunwa. Supu ilikuwa kama chumvi, kitu cha kuonjesha.

Basi mwaka jana akaja binti mmoja wa mwaka wa pili, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Sisi wa jikoni tulimpa jina la Daftari, kwa sababu hakuonekana bila daftari lake la jalada jekundu. Hali nyama. Alikuwa akija dirishani na trei yake, ananiuliza kwa adabu, "Shikamoo mama, maharage ya leo hayana nyama?" Nami namjibu bila wasiwasi, "Marahaba mwanangu, hayana hata kipande." Anapokea, anashukuru, anaenda kukaa. Siku za mitihani nilikuwa namwongezea, kwa kuwa niliona mifupa ya shingo yake imeanza kuhesabika.

Mwaka huu Daftari aliingia kwenye kampeni. Alizunguka mabweni, madarasa, maktaba na uwanja wa mpira akikusanya sahihi za wanaotaka bwalo lipike vyakula zaidi visivyo na nyama wala kitu chochote cha mnyama. Si mimi wala wenzangu tuliompokea vizuri. Mzee Kisu, yule mkata nyama wetu, alikasirika mpaka akasahau kunoa visu. Alisema, "Huyu mtoto anataka kunistaafisha kabla ya siku zangu." Mimi nilikasirika kimyakimya, ambako ni kubaya zaidi. Miaka ishirini na mbili nawapikia, halafu mtu anapita na daftari kuwauliza watu kama wanashiba?

Nilimwambia hivyohivyo, siku moja alipokuja dirishani watu wamepungua. Nilidhani ataniletea mahubiri. Akaweka trei chini, akasema, "Mama, sina ugomvi na anayekula nyama. Mwenzangu wa chumbani anaila mbele yangu na tunacheka. Mimi nataka tu siku moja nichague. Tangu nije hapa sijawahi kusimama kwenye dirisha hili nikajiuliza leo nile nini. Nina maharage yako, na yakiisha nina wali mtupu."

Kazi yangu ni kulisha watu, na huyu alikuwa amesimama mbele yangu mwaka mzima akiwa na njaa ya kuchagua, nami nilikuwa najisifu kwamba namwongezea. Kesho yake nilitia sahihi kwenye daftari lake, ukurasa wa tisa, chini ya jina la mtunza maktaba. Mzee Kisu hakuniamkia siku mbili.

Sahihi zilifika mia nne na kumi na mbili. Meneja wa bwalo akaitisha kikao humohumo bwaloni, mchana, baada ya meza kufutwa. Wanafunzi walikaa upande mmoja, sisi wa jikoni upande wa pili, bado na aproni zetu. Daftari alisimama akaeleza vizuri, bila kutia chumvi. Akasema kuna wasiokula nyama kwa imani, kuna waliokatazwa na daktari, na kuna ambao moyo tu umekataa. Hapo nilikukumbuka wewe, kwa sababu ndivyo ulivyotuambia mezani siku ile: moyo umekataa, msiniulize zaidi.

Halafu akasema jambo lililonivimbisha kichwa. Alisema hawalaumu jikoni, na kwamba mpishi wa maharage ndiye mtu pekee wanayemwamini katika bwalo zima. Wenzake wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa haya, nikitabasamu kama bibi harusi.

Meneja alikuwa anangoja hapohapo. Akasema vizuri, kama maharage yapo kila siku, na ni matamu, na hayana nyama, basi shida iko wapi? Wasiokula nyama wana chakula chao tayari. Hakuna haja ya sufuria mpya wala zamu mpya, na daftari lile mwenyewe aliombwa alirudishe bwenini. Kisha akanigeukia, akiwa na hakika ya jibu: "Mpishi, hebu wathibitishie. Maharage yako yana kitu chochote cha mnyama?"

Hakuuliza kama yana nyama, mwanangu. Aliuliza kama yana kitu chochote cha mnyama, maneno yaleyale yaliyoandikwa juu ya kila ukurasa wa daftari, maneno niliyoyatilia sahihi kwa mkono wangu bila kuyatafakari. Ndipo nikaiona ile sufuria ya pembeni. Nikauona upawa. Nilijua nikisema hayana, kikao kimeisha na Daftari ameshindwa kwa ushahidi wangu. Nikisema yana, basi mia nne na kumi na mbili wamejua kwamba mtu wanayemwamini amekuwa akiwalisha wasichokitaka. Mzee Kisu alinikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa ananiambia ninyamaze, na alikuwa ananihurumia.

Nikajikaza kisabuni, nikasimama. Nikasema, "Yana supu ya mifupa. Upawa mmoja, kila siku, tangu kabla hamjaja hapa."

Daftari hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Hata jana?"

Nikamwambia, "Hata jana."

"Na siku za mtihani, ulipokuwa unaniongezea?"

Nikamwambia, "Siku hizo hasa. Nilikuwa nachota kutoka chini, kulikokolea."

Akafunga daftari lake, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amekaa kwenye ngazi, amejikunyata, mkono tumboni. Nilitamani kwenda kumkumbatia, nikajizuia. Nilikuwa mtu wa mwisho aliyefaa kumbembeleza saa ile.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Meneja alinipa barua ya onyo, na nilistahili. Lakini hoja yake ilikuwa imekufa, na mbele ya watu wote hakuwa na pa kujificha. Akakubali sufuria moja kila siku isiyo na kitu cha mnyama, kwa majaribio, muhula mzima. Mimi nikaomba niipike. Wanafunzi wakakataa. Wakasema mtu yeyote ila yeye. Hilo lilinichoma, nakuambia kweli. Nilienda stoo nikakaa juu ya gunia la vitunguu nikalia, nikajua angalau mtu akiniona atadhani ni vitunguu.

Aliyeamua ni Daftari. Alituma ujumbe kwamba nipike, ila wawili kati yao wawe wanasimama jikoni kila asubuhi kuanzia ninapowasha moto. Nikakubali. Mwanzoni niliona fedheha, mtu mzima kulindwa kama mwizi wa sukari. Siku ya nne nikaanza kuwatuma wanishikie mwiko. Siku ya tano Mzee Kisu, aliyekula kiapo kwamba hatakigusa chakula kile, tulimkuta nyuma ya mlango wa stoo anakila, sahani yake mfuniko wa sufuria. Alisema anapima tu kama kimeiva. Siku hiyo sufuria iliisha kabla foleni haijafika nusu, na Meneja akaagiza ya pili.

Daftari mwenyewe hakuja kwa siku tisa. Nasikia alikuwa anakula mkate na ndizi chumbani kwake. Siku ya kumi nilinyanyua macho nikamwona kwenye foleni, daftari kwapani. Alipofika dirishani hakuniamkia. Akasema, "Naomba kuiona sufuria kwanza."

Nikaifunua. Akainama, akatazama, akanusa. Akaomba kuuona na upawa. Nikamwonyesha upawa mpya, wa mpini mwekundu, usiotumika kwingine. Ndipo akanyoosha sahani. Nilimpakulia. Akaenda kukaa, akala yote, akaondoka. Tangu siku hiyo anakuja kila siku, na kila siku anaiona sufuria kwanza. Shikamoo imerudi wiki iliyopita. Tabasamu bado, wala sijalidai.

Sasa wewe, mwanangu. Naona umeshaelewa, kwa sababu hukupewa jina la Maswali bure.

Ulipokuja likizo ukatangaza mezani kwamba umeacha nyama, baba yako alicheka mpaka akakohoa, na ndugu zako wakakuuliza kama unataka wakukatie majani uani. Ni mimi niliyepiga meza nikasema mwacheni mtoto, mimi nitampikia. Wiki mbili nilihamia kwenu nikakupikia maharage. Siku ya kuondoka ulinishika mikono ukaniambia, "Shangazi, katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyeniheshimu." Maneno hayo niliyabeba kama cheti.

Kwa Daftari ninaweza kujitetea kwamba sikufikiri, mkono ulikwenda kwa mazoea. Kwako siwezi. Kwako nilijua. Nilikuona umekonda, nikaogopa, nikajiambia mtoto huyu anakwenda kuishi peke yake ugenini bila nguvu mwilini. Kila asubuhi nilichemsha mifupa katika kijisufuria kidogo wewe ukiwa bado umelala. Ulipokuja kukaa jikoni kunisimulia hadithi, nilikuwa nakupa mgongo, naziba kwa aproni, naimimina supu kwenye maharage yako. Ulikuwa unazungumza nami huku nafanya hivyo. Mara moja uliniuliza mbona nanyamaza, nikakwambia nahesabu chumvi.

Kwa hiyo si maji ya huko, wala mkono wako hauna kasoro. Maharage yako hayatoki kama yangu kwa sababu yako ni ya kweli. Miaka mitatu nimekuacha ujidhanie hujui kupika. Nimekukosea, na nimekosea hasa mahali uliponiamini. Nilikupenda kwa namna yangu nikaipuuza yako. Nisamehe kama unaweza, na kama bado huwezi, nitangoja.

Ninavyoyapika sasa ni hivi. Loweka tangu usiku, mwaga maji, chemsha upya bila chumvi. Kaanga vitunguu peke yake kwa moto mdogo, usiwe na haraka, mpaka viwe vya kahawia iliyoiva, karibu uviogope. Tia nyanya, zikauke kabisa. Tangawizi kidogo. Saga karanga ulizozikaanga, zikoroge kwenye maji ya maharage yenyewe, umimine mwishoni. Ilinichukua sufuria nane kujifunza. Mbili za kwanza hata Mzee Kisu hakuzipima.

Rasimu ya barua hii nilimsomea baba yako jana, kwa sababu sikutaka nikusemee yasiyo yangu. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema niandike kwamba mifupa alikuwa anaileta yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anaamka kabla yako, anaenda kwa muuza nyama, anairudisha imefungwa gazetini, halafu anakaa mezani anakucheka. Amesema nikuandikie kwamba alikuwa anaogopa utaumwa mbali naye, na kicheko ndicho kilichomjia. Leo nilimpikia maharage mapya. Alikula, akasema yana kasoro fulani, akaongeza sahani ya pili ili aitafute.

Nisalimie mkwe wetu, mwambie kile kisu cha mkate alichonitumia bado kinakata mpaka hewa. Mbusu mjukuu wangu kwenye ufizi. Shangazi yako mdogo anakusalimu, na fundi redio wa ghorofa ya chini bado anauliza kama umeolewa. Nimeacha kumkatisha tamaa kwa kuwa ananitengenezea pasi bure. Mungu akulinde huko uliko, ashike mikono yako ikiwa kazini na moyo wako ukiwa peke yake.

Likizo yako ijayo, uje. Kiti cha karibu na jiko ni chako. Utafunua kila sufuria, utanusa kila upawa, utauliza kila unachotaka kuuliza, nami nitakujibu kabla sijakupakulia.

Wako akupendaye, ambaye atakupikia akikutazama usoni,

Shangazi.